Mpigaji wa Besiboli Anafikiri Saa Ngapi?

Desemba 2024 klabu ya New York Mets ilimsajili Juan Soto, kijana wa Jamhuri ya Dominika, kwa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Nilipomsimulia mjomba wangu, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Mwanza, hela hazikumshtua. Kilichomshtua ni kusikia kwamba mpigaji mzuri wa besiboli hukosa mara saba kati ya kumi. "Mshambuliaji wa Pamba akikosa mara saba kati ya kumi, Kirumba nzima si itamzomea?" Nikamzidishia: sifa inayomtofautisha Soto na wenzake si kupiga, ni kujua mpira upi auache upite.

Kwa haki, washambuliaji wengi wa soka hukosa zaidi ya hapo, ila hakuna anayewaandikia kila shuti kwenye ubao. Mpigaji wa besiboli anaandikiwa. Kila akisimama kupiga, wastani wake wa kufanikiwa unaonyeshwa uwanja mzima.

Maelezo yetu kuhusu akili ya mchezaji mara nyingi huishia kwenye maneno mawili, kujiamini na kutulia. Kocha anapiga kelele "tulia!", mtangazaji wa redio anasema presha imemzidi kijana, basi, mada imefungwa. Kwa mpigaji wa besiboli maneno hayo hayafiki mbali, kwa sababu kazi ya akili yake haifanyiki muda ule tunaodhani inafanyika. Mpira ukishakuwa hewani, kufikiri kumekwisha. Kazi imefanyika kabla, na kazi nyingine inamngoja baadaye.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama mchezo wenyewe (na kwa saa zetu fainali za Marekani huanza karibu saa 9 usiku, kwa hiyo hulaumiwi): mrushaji anasimama kwenye kijilima cha udongo, mita 18.44 kutoka kwenye kibao cha nyumbani, ambacho upana wake ni sentimita 43. Kando ya kibao kuna mpigaji na gongo lake. Nyuma yake amechuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji yupo mwamuzi. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na usawa wa kifua, ni straiki hata kama mpigaji hakutikisika. Ukipita nje ya eneo hilo na mpigaji akauacha, ni boli. Ukipiga hewa ni straiki, popote mpira ulipopita. Straiki tatu, umetolewa. Boli nne, unatembea bure hadi kituo cha kwanza. Sheria nyingine zinaweza kungoja.

Sasa tuhesabu muda. Mpira wa kasi katika ligi kuu ya Marekani huenda kilomita 145 hadi 160 kwa saa. Mrushaji hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuuachia, kwa hiyo mpira husafiri kama mita 17 tu. Kilomita 145 kwa saa ni mita 40 kwa sekunde, na safari yote inakwisha kwa sekunde 0.4 na kitu. Kuzungusha gongo kunakula karibu sekunde 0.15. Ubongo kupokea na kuelewa kilichoonwa na jicho ni kama sekunde 0.1 nyingine. Kinachobaki, kama sekunde 0.15, ndicho cha kujibu maswali yote: huu ni mpira gani, unaelekea wapi, utafika lini, nipige au niache? Na ukiwahi au ukichelewa kwa sehemu chache tu za elfu moja ya sekunde, mpira unaishia pembeni, nje ya mistari.

Kuna jambo linalochanganya zaidi. Kila kocha humwambia mtoto asiondoe jicho kwenye mpira. Mwaka 1984 mhandisi Terry Bahill na mwenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hakuna binadamu anayeweza kulitimiza agizo hilo. Mpira ukikaribia kibao unakatiza mbele ya uso haraka mno kuliko jicho linavyoweza kugeuka. Mchezaji wa ligi kuu waliyempima aliweza kuufuata hadi ukabakiza kama mita 1.7, kisha ukamwacha. Kipande cha mwisho, yaani pale gongo linapokutana na mpira, mpigaji haoni. Ubongo umeshakadiria mpira utakuwa wapi, na gongo limetumwa huko.

Ndiyo maana wapigaji kwa vizazi vingi wamekuwa wakiapa kwamba kuna mpira unaopanda juu ghafla ukifika karibu na kibao. Mpira wa besiboli unaorushwa kwa mkono wa juu haupandi. Unazunguka kinyumenyume, hewa inaushikilia kidogo, hivyo unashuka taratibu kuliko mipira ambayo ubongo umeizoea. Gongo linapita chini yake, na mwenye gongo anasadiki kabisa kuwa aliuona ukiruka. Huyo hadanganyi. Alichokiona ni tofauti kati ya mpira alioutarajia na mpira uliokuja.

Neno kutarajia ndilo la kushika hapa, na ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa mwanamke. Mwaka 2004, katika mchezo wa maonyesho, Jennie Finch, mrushaji wa softiboli (mchezo ndugu wa besiboli) wa timu ya taifa ya Marekani, aliwakabili nyota wa besiboli akiwemo Albert Pujols, mmoja wa wapigaji walioogopwa kuliko wote enzi hizo. Mpira wa softiboli ni mkubwa zaidi na unarushwa polepole zaidi, ila kutoka karibu zaidi, kama mita 13, kwa hiyo muda wa kufika haupishani sana na ule waliouzoea akina Pujols. Finch alimtoa Pujols kwa straiki. Akamtoa na Mike Piazza. Macho yao yalikuwa yale yale na mikono ile ile. Kilichokuwa kigeni ni mwili wa mrushaji: softiboli hurushwa kwa mkono wa chini, na nyonga, bega na kifundo cha mkono vinasogea kwa mpangilio ambao hawakuwahi kuusoma.

Hapa binti yeyote aliyecheza rede kwenye viwanja vya shule za Igoma au Nyegezi angeweza kumpa Pujols somo. Anayekaa katikati, anayejaza mchanga kwenye chupa huku wenzake wawili wakimrushia mpira wa soksi kutoka pande mbili, hangoji mpira utoke mkononi. Akingoja ameshapigwa. Anasoma bega. Anajua fulani akitaka kurusha chini huinama kwanza, na fulani hutishia mara mbili ndipo arushe kweli. Siku akija mrushaji kutoka shule nyingine, hata mwenye mkono dhaifu, mabingwa wanatolewa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hawajamsoma. Mpigaji wa besiboli naye anaishi kwa kusoma namna hiyo. Wazoefu wakionyeshwa video iliyokatwa pale mpira unapoanza kutoka mkononi, hutambua aina ya mpira vizuri kuliko wanaoanza, ingawa hakuna mpira wa kutazama.

Kwa hiyo saa za kazi za akili ya mpigaji zinaanza mapema. Inasimuliwa kwamba mpigaji maarufu Hank Aaron, akiwa benchi, alikuwa akijifunika uso kwa kofia na kumchungulia mrushaji kupitia kitundu cha hewa cha kofia hiyo, ili asione kitu kingine uwanjani isipokuwa mahali mpira unapoachiwa. Tony Gwynn wa San Diego alianza kujisomea kwa kanda za video mwaka 1983, wakati kamera hizo zilikuwa mzigo wa kubeba begani. Gwynn alikutana na Greg Maddux, mmoja wa warushaji wajanja kuliko wote, zaidi ya mara 100, na Maddux hakuwahi hata mara moja kumtoa kwa straiki.

Tatizo ni kwamba mrushaji naye anajua kuwa anasomwa. Ana mpira wa kasi, ana unaopinda, ana unaorushwa kwa mkono wa kasi ile ile lakini ukachelewa njiani. Silaha yake kubwa ni mpangilio wa mipira hiyo. Mtafiti Rob Gray aliwaweka wapigaji kwenye mashine ya kuigiza besiboli, akaona kwamba mipira iliyotangulia inaamua sana mpigaji ataupokeaje unaofuata. Aliyepata mitatu ya polepole mfululizo kisha akaletewa wa kasi alichelewa vibaya. Hakuchelewa kwa sababu misuli imechoka. Mwili ulishajipanga kwa wa nne wa polepole.

Na hesabu ya boli na straiki hubadilisha nani anamkisia nani. Boli zikiwa tatu na straiki moja, mrushaji amebanwa: akikosea tena anatoa kituo cha bure. Uwezekano mkubwa ataleta mpira anaouamini zaidi, mara nyingi wa kasi, ndani ya eneo. Mpigaji anaweza kuchagua mpira mmoja na sehemu moja, na kuusubiri huo tu. Mwingine wowote anauacha. Straiki zikiwa mbili na boli hakuna, mambo yanageuka. Sasa mrushaji anaweza kurusha nje kwa makusudi, kumtega, na mpigaji hawezi kuchagua, lazima alinde eneo lote. Mtu yule yule, gongo lile lile, ndani ya mechi moja anakuwa wapigaji wawili tofauti kabisa. Watazamaji wapya huona mchezo umelala kwa sababu mpira haujapigwa. Mimi naona hapo ndipo umechangamka.

Turudi kwa Soto, maana kuacha mpira upite ndiyo sehemu ngumu kueleza kwa mtu wa soka. Kwetu kutofanya kitu ni uvivu. Mwaka 2007 watafiti wa Israel, akiwemo Michael Bar-Eli, walichambua penalti 286 na kukuta kwamba kipa aliyebaki katikati alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuokoa kuliko aliyeruka, lakini makipa karibu wote huruka. Goli likiingia huku umelala upande wa pili, umejitahidi. Likiingia huku umesimama, utaulizwa nyumbani. Mpigaji ana tamaa hiyo hiyo ya kuonekana amefanya jambo, na mrushaji anaishi kwa kuilisha: mipira mingi inayowatoa watu ilikuwa nje ya eneo, mpigaji akaifuata mwenyewe.

Ted Williams wa Boston aliligawa eneo la straiki katika nafasi 77 za ukubwa wa mpira na kukadiria wastani ambao angepata katika kila nafasi. Ndani ya eneo halali kabisa kulikuwa na sehemu alizojua ni bora aziache, angalau hadi straiki ya pili. Watu wanapoita hiyo nidhamu, wanaifanya ionekane kama suala la tabia njema. Ni hesabu iliyofanywa mapema, kwa utulivu, ili sekunde 0.15 zikifika lisiwepo la kujadili. Jambo jingine ni kwamba mpigaji mzuri huanza kila mpira akiwa ameshakubali kupiga, na kuacha ndiko kujizuia kwa dakika ya mwisho. Anayeanza kwa kusubiri aone kama mpira ni mzuri huwa ameshachelewa.

Halafu kuna ile presha ya redioni. Ipo, lakini inafanya kazi kwa njia isiyo ya kawaida. Katika utafiti mwingine, wa mwaka 2004, Gray aliwataka wapigaji wafuatilie mwendo wa gongo lao wenyewe: kengele ikilia, mtu aseme gongo lilikuwa linashuka au linapanda. Wanaoanza hawakudhurika. Wazoefu waliharibu. Kupiga kwao kulikuwa kumeshashuka chini ya fikra, na kulazimishwa kukutazama kulikuwa kama kuvunja kitu kizima vipande. Tena, waliokuwa kwenye kipindi kibaya walijua zaidi gongo lao lilikuwa wapi kuliko waliokuwa wakipiga vizuri.

Tafakari maana yake kwa kocha. Kijana amekosa mara kadhaa, anaitwa pembeni, anaambiwa inua kiwiko, geuza nyonga, vidole hivi, goti vile. Anarudi kibaoni na kichwa kimejaa kiwiko. Jicho limeingia ndani wakati mpira unatoka nje. Marekebisho ya mwili yana wakati wake, nao ni mazoezini. Akishaingia kwenye boksi la kupigia, kitu cha kufikiria kinapaswa kuwa kimoja na kiwe nje ya mwili wake: mkono wa mrushaji, au sehemu moja ya eneo.

Sasa ile kazi ya baadaye, ya kuishi na kukosa. Chukua mpigaji mwenye wastani wa 0.300, yaani anayefanikiwa mara tatu kati ya kumi, mzuri kabisa, na tuseme hana siku mbaya wala njema, uwezo wake ni ule ule kila anaposimama. Nafasi ya kukosa mara nne mfululizo ni 0.7 mara yenyewe mara nne, yaani karibu asilimia 24. Maana yake, katika mechi ambazo anapiga mara nne, karibu moja kati ya kila nne anaondoka mikono mitupu. Endelea na hesabu katika msimu wa mapigo 550 (yaani mara 550 za kujaribu kupiga), utakuta ana zaidi kidogo ya nafasi moja kati ya mbili ya kupitia angalau kipindi kimoja cha kukosa mara 15 mfululizo. Hana ugonjwa, hajarogwa, hajabadilika hata kidogo. Bahati tu imepanga mikosi yake pamoja.

Lakini mwambie hivyo mtu aliyekosa mara 15. Atabadilisha gongo, atabadilisha namna ya kusimama, atamtafuta mtu wa kumfanyia dawa. Mara ya 16 akipiga, dawa inapata sifa. Tusiwacheke, maana timu zetu za ndondo zina habari zao. Na hata Marekani, Wade Boggs, aliyeongoza ligi kwa wastani mara tano, alikula kuku kabla ya kila mechi. Angezaliwa Mwanza bila shaka angekuwa mtu wa sato. Kuku hakumfundisha kupiga, ila nadhani alimfanyia kitu: kila siku ikaanza sawasawa, ya jana haikuingia. Ichiro Suzuki, Mjapani aliyepata hiti (mapigo yaliyofanikiwa) 262 mwaka 2004, rekodi ya msimu mmoja hadi leo, alikuwa akisimamisha gongo kuelekea kwa mrushaji na kugusa mkono wa jezi kabla ya kila mpira. Hapo naona kazi zaidi ya ushirikina: ni alama ya kuuambia mwili kwamba hesabu imefungwa, inaanza nyingine.

Mwanasaikolojia Ken Ravizza, aliyefanya kazi miaka mingi na timu ya chuo cha Cal State Fullerton, alilipeleka wazo hilo mbali zaidi. Timu ilikuwa na choo kidogo cha kuchezea benchini. Ukiharibu, unakuja unakivuta maji, unakaa. Inachekesha, lakini mwaka 2004 timu hiyo ilianza msimu vibaya na kuumaliza ikiwa bingwa wa vyuo vya Marekani. Sidai kwamba choo ndicho kilichotwaa ubingwa. Nasema kumwambia mtu "sahau" ni agizo lisilotekelezeka, ilhali kumpa mikono kitu cha kufanya kunatekelezeka.

Nisiache hadithi moja ambayo wapenzi wa mchezo huitaja kila linapozungumzwa suala la akili. Tarehe 28 Septemba 1941, siku ya mwisho ya msimu, Williams aliamka akiwa na wastani wa 0.39955, ambao kwenye vitabu ungeandikwa 0.400. Angeweza kukaa benchi. Alicheza mechi zote mbili za siku hiyo huko Philadelphia, akapata hiti 6 kati ya mapigo 8, akamaliza na 0.406. Katika ligi mbili kuu za Marekani, ile ya Amerika na ile ya Taifa, hakuna aliyefika 0.400 tangu hapo. Huelezwa kama hadithi ya ushujaa. Mimi nina shaka. Angepata 2 kati ya 8, jambo ambalo lingemtokea yeyote, angemaliza na 0.397 na leo tungesimuliwa habari za mbishi aliyechezea rekodi. Uamuzi ungekuwa ule ule. Kinachonivutia ni kwamba mtu aliyejua takwimu kuliko wote alikubali kuziweka rehani.

Besiboli bado ni ngeni Tanzania. Imeletwa zaidi kwa msaada wa Wajapani, na Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ina uwanja wake. Mwalimu wa michezo wa huku kanda ya ziwa asiye na gongo wala glavu anaweza kuanza na sehemu hii ya kichwani, kwani haina gharama. Achukue mipira ya tenisi, aiandike namba kwa kalamu ya wino mzito, amrushie mwanafunzi kutoka mita chache. Mwanafunzi asipige. Ataje namba, au aseme "ndani" au "nje" kabla mpira haujampita. Kisha abadilishwe mrushaji, na tena, na tena, ili macho yasome mabega mengi. Gongo lije mwezi wa pili. Na akianza kupiga, mwalimu aandike daftarini mambo mawili kando kando, uamuzi ulikuwaje na mpira ulikwenda wapi, kwa sababu mwanafunzi aliyechagua mpira mzuri na kuugonga sawasawa moja kwa moja mikononi mwa mchezaji wa timu pinzani anastahili alama kamili kwenye safu ya kwanza.